Muulize Sakafu ya Kwao Ikoje

Kabla hujamruhusu mgonjwa aende nyumbani, muulize sakafu ya kwao ikoje. Cheka kwanza, kisha urudi tuendelee. Ninyi wauguzi vijana mmefundishwa kuuliza kikohozi, homa, choo na hamu ya chakula. Sakafu hamkufundishwa, na mimi sikufundishwa. Nilianza uuguzi hapa Karagwe mwaka ule wa vita, Kyerwa ikiwa bado sehemu yetu, na miaka yangu mingi iliishia katika wodi ya kifua kikuu ya hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Wenzangu waliniita Nesi Mwoga. Jina langu ni Jeneroza, lakini walipoita "Mwoga!" niligeuka haraka zaidi.

Walikuwa na haki. Niliogopa radi, niliogopa breki za Landrova yetu, niliogopa sindano hata nilipokuwa nimeishika mimi. Mgonjwa akipumua vibaya, mimi ndiye niliyekosa pumzi. Hofu hizo zote niliziacha kazini siku niliyostaafu. Iliyobaki ni moja, nayo hunijia hata sasa nikiwa nimekaa barazani namenya ndizi: hofu ya mtu anayeanguka bila mwili wake kumwambia kwamba anaanguka.

Wewe ukijikwaa, unajua. Hujafikiri, mkono umeshatoka, goti limeshakunjwa, macho yameshatafuta pa kushika. Mtu ninayemzungumzia hana hayo. Anakwenda chini mzima-mzima, mikono imelala ubavuni, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio. Nimeuona uso huo kwa macho yangu, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Siku zile kifua kikuu kilitibiwa kwa vidonge pamoja na sindano ya streptomaisini, kila siku, takoni. Ilikuwa dawa nzuri. Sitaki mtu aende kusema Nesi Jeneroza anatukana dawa. Nimeona watu walioletwa kwa machela wakitoka wodini wanaimba, wamebeba magodoro yao wenyewe. Lakini ilikuwa na tabia yake. Kwa baadhi ya watu iliingia ndani ya sikio, si pale pa kusikilia bali jirani yake, na kuua kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kujua kama anacho. Masikio yaliendelea kusikia vizuri kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

Aliyenifungua macho ni Mama Anjela, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Wiki yangu ya kwanza alinisikia nikiuliza wagonjwa kama masikio yanauma, na wote wakijibu hapana. Akanivuta pembeni.

"Unauliza nini wewe? Sikio hilo haliumi. Waulize hivi: ukitembea, mlima unatulia?"

"Mlima, mama?"

"Mlima. Kama hakuna mlima, mti. Kama hakuna mti, mimi. Waulize kama mimi natulia."

Nilidhani uzee umeanza kumwingia. Nikauliza hivyohivyo kwa aibu, kitanda hadi kitanda, na watu wakanicheka, mpaka nikamfikia Mzee Salumu. Huyu alikuwa na duka la vitambaa pale Omurushaka, baba yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wanyambo, wenyeji wa hapa, tuone haya kufungua midomo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, amekuja kuchukua vidonge tu, sindano alikuwa amekwisha kuzimaliza. Aliposikia swali langu aliweka kofia yake magotini.

"Binti yangu, wewe ni wa kwanza kuniuliza. Nikitembea, bati la msikiti linarukaruka kama linakaangwa. Nikisimama, linatulia. Nikisujudu nikafumba macho, sijui juu ni wapi. Na njiani watu wananicheka, wanasema Salumu sasa amejifunza pombe. Mimi, pombe!"

Akalia. Kifua kilipombana hakulia, damu ilipomtoka mdomoni hakulia, lakini hilo la pombe lilimliza mtu mzima mbele ya watu. Kuanzia hapo niliacha kuona haya kuuliza habari za milima.

Sasa fanyeni jambo moja, hapo hapo mlipo. Weka kidole mbele ya uso, umbali wa kusomea barua. Kitikise upesi kushoto na kulia, kichwa kimetulia. Huoni kidole, unaona ukungu. Haya, tuliza kidole, utikise kichwa kwa kasi ileile, kama binti anayekataa posa. Kidole unakiona, hata uchafu wa kwenye kucha unauona. Mwendo ni uleule, kwa nini mara hii macho yameweza?

Ni kwa sababu ya sikio. Ndani kabisa, nyuma ya pale pa kusikilia, kuna vijibomba vitatu vilivyopinda, vyembamba kama uzi, kila kimoja kimeelekea upande wake, na vimejaa majimaji. Umewahi kuzungusha kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi? Kibuyu kinageuka, pombe inachelewa. Humo ndani ni hivyo: kichwa kinageuka, majimaji yanabaki nyuma, yanalaza vinywele vidogo mno, na vinywele vinatoa habari. Habari hiyo inayafikia macho kabla mwenyewe hujajua lolote, nayo yanageuka upande wa pili kwa kiasi kilekile, na unachokitazama kinatulia. Jirani na vijibomba kuna vijifuko vyenye chembe za chokaa ndogo kama vumbi, na hizo hulemea upande wa chini. Kwa hizo unajua chini ni wapi hata ukiwa umefumba macho.

Mama Anjela alikuwa akituambia kwamba mtu husimama kwa macho, kwa nyayo na kwa hilo la sikioni. Likifa la sikioni, macho na nyayo vinaweza kumbeba, mradi pawe na mwanga na ardhi iwe ngumu. Nililisikia hilo mara nyingi, nikalikariri, nikalijibia mtihani. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza ni nyumba ipi hapa kwetu haina mwanga na ardhi yake si ngumu.

Leokadia alikuja kwetu Mama Anjela akiwa amekwisha kustaafu. Alikuwa mama kijana, mrefu, mwembamba kwa asili na ugonjwa ukampunguza tena. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda kuja kulima vibarua, yeye akaolewa Kiruruma kwenye familia ya Kinyambo. Mume alikuwa akifanya vibarua Kyerwa na kurudi kwa nadra. Mtoto wao, Asimwe, msichana aliyeanza tu kusimama dede, alibaki na bibi yake, mama mkwe wa Leokadia, ambaye kila mtu alimwita Ma Paskazia. Wodini hawakuruhusu watoto. Kwa hiyo Leokadia alikuwa na swali moja, asubuhi na jioni: "Nesi, bado siku ngapi?"

Nilipomuuliza kama mlima unatulia, alinitazama usoni akasema unatulia. Nilimwamini, maana macho yake yalikuwa manyoofu. Mjue kwamba mama aliyeacha mtoto nyumbani ni mwongo hodari kuliko mwizi.

Nilimgundua kwenye bomba la maji, nje ya wodi, jua likiwaka. Alikuwa ananawa. Alijipaka sabuni usoni, akafumba macho, akainama, na mara akaenda chini upande wa bomba. Hakuteleza, hakupepesuka. Alikwenda tu, kama mgomba uliokatwa, na kama si nguzo iliyomzuia pale angepasuka kichwa. Nikamfikia bado ana povu machoni.

"Nimeteleza tu, nesi."

"Pakavu hapa, Leokadia."

Akanishika gauni. "Nesi, waitu, nakuomba. Usimwambie daktari. Ataniongezea siku, na mtoto wangu atanisahau."

"Tangu lini?"

"Ule mti wa getini umekuwa ukiruka. Nikasema ni njaa."

Waitu ni neno letu la kumsihi mtu, na yeye hakuzaliwa nalo. Alilitumia ili nimwonee huruma. Nilimwonea. Nilikwenda kwa daktari hivyohivyo, naye siku hiyohiyo akasimamisha sindano, akampa vidonge vingine mahali pake. Lakini vinywele vile vikifa havioti tena. Hilo pia nililazimika kumwambia.

Tukamfundisha upya kutembea. Geuza kichwa polepole. Tazama kitu kilichosimama, si miguu yako. Ukitaka kusoma uso wa mtu, simama kwanza. Asubuhi nilitembea naye veranda nzima ya wodi, sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri, mimi nyuma mikono wazi kama mtu anayefukuza kuku. Alijitahidi, Leokadia. Alianguka mara nyingi, kisha mara chache, kisha akaacha. Kifua kikasafika. Daktari akamsimamisha miguu pamoja, akamwambia afumbe macho, na Leokadia akasimama imara pale kwenye saruji.

"Amezoea," daktari akasema. "Aende akamalizie vidonge kwao."

Hakukosea. Alichokiona ndicho kilichokuwepo.

Zamu ya kuwatembelea wagonjwa wa upande wa Kiruruma ilikuwa yangu, kwa hiyo tulipanda Landrova pamoja. Ilituteremsha barabarani, tukaingia kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Leokadia alikwenda vizuri. Alishika shina la mgomba mara moja tu, kwenye mteremko, akanicheka kwa sababu mimi ndiye niliyeteleza. Nakumbuka nilimwambia, "Leo mwoga ni mimi peke yangu." Tulikuwa na furaha. Niliogopa kidogo tu, kiasi cha kawaida.

Ma Paskazia alitusikia kabla hajatuona. Alitoka mbio na mtoto mkononi, mwanamke mkubwa wa mwili, akapiga vigelegele peke yake vikatosha uwanja mzima. Leokadia alipiga magoti kumwamkia, naye akamwinua, akamshika mashavu, akamgeuza na kumfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko mpya. Asimwe hakulia. Alilaza shavu kwenye mgongo wa mama yake kana kwamba ameondoka pale jana. Nilifuta machozi kwa kona ya gauni, na machozi yale ndiyo yaliyonichelewesha.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba za bati hamjui tena nyumba ya msonge. Ni duara, nyasi kuanzia juu mpaka chini, mlango mfupi wa kuinamia, dirisha hakuna. Mchana wa jua kali, ndani ni giza mpaka macho yazoee. Katikati kuna mafiga na moto. Na mgeni wa heshima anapokuja, kwetu hutandikwa nyasi mbichi sakafu nzima. Anayempenda sana mgeni hutandika nyingi. Ma Paskazia na jirani zake walikuwa wamekata nyasi tangu alfajiri. Mlangoni zilikuwa zimefurika mpaka nje, laini, nene, zinanukia. Ukizikanyaga, mguu unazama mpaka kwenye kifundo.

Nilikuwa nazitazama na kuzisifu moyoni, ndipo sauti ya Mama Anjela ikaniingia kichwani: mwanga na ardhi ngumu. Leokadia alikuwa ameshainama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Leokadia, simama!"

Alikuwa ameshaingia. Niliona unyayo wake ukizama. Kwa kuwa ametoka kwenye jua, macho hayakuwa na kitu. Kwa kuwa nyasi zilikuwa laini, nyayo hazikuwa na kitu. Na la sikioni lilikwisha kufa. Alisimama hapo kwa kitambo kidogo, uso umetulia, anatabasamu bado, halafu akaenda ubavu upande wa moto. Mikono yake haikunyanyuka. Ule mwili ulianguka na sufuria la ndizi lililokuwa likichemka, na yowe la kwanza lilikuwa langu.

Sijui niliingiaje. Najua nilimshika mtoto kwa mguu na mbeleko pamoja, nikamvuta. Asimwe alikuwa na majivu kwenye nywele na mdomo umefunguka bila sauti, na ile hali ya kungoja sauti itoke siwezi kuisimulia mpaka leo. Ikatoka. Alilia. Hakuwa na jeraha. Mkono wa kushoto wa Leokadia, kutoka kiwiko hadi kiganja, ndio uliolala kwenye maji ya moto.

Nilipokuwa nje nikimmwagia maji baridi mkononi, Ma Paskazia alikuja akachuchumaa mbele yake, akasogeza pua mpaka karibu na mdomo wa mkwewe. Akanusa. Akanusa tena.

"Pombe hakuna," alisema. "Basi ni kingine."

Mliozaliwa hapa mnajua "kingine" kilimaanisha nini: pepo. Pombe ingekuwa nafuu. Alimchukua Asimwe, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akavuta fundo mara mbili.

"Huyu hatabebwa nawe tena. Kitu kilichokuangusha kisimwone."

Leokadia hakubisha. Alitazama chini, mkono wake ukivimba, akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mama." Wakati huo ndipo niliogopa kuliko wakati wa moto. Kwenye moto nilikuwa na la kufanya. Hapa niliona mwanamke aliyevumilia sindano zote zile ili amrudie mtoto, na sasa mtoto anaondoka mbele yake hatua chache tu, na mimi ninayejua sababu nina ulimi mzito. Ungemwelezaje Ma Paskazia habari ya vinywele ndani ya sikio? Angenusa hata mdomo wangu.

Nikaona lile rundo la nyasi zilizobaki, uwanjani, juani. Sikupanga. Nililisambaza likawa kitanda kinene, nikamwambia, "Ma, naomba usimame hapa juu. Unganisha miguu, ufumbe macho."

"Mimi?"

"Wewe, ma. Nakuomba."

Alisimama, mtoto mgongoni. Alifumba macho, akakaa kama nguzo ya nyumba, na midomo yake ikinidharau. "Nasimama hivi tangu sijaolewa."

"Macho umefumba. Miguu iko kwenye kitu laini. Nini kinakushika?"

Alifumbua jicho moja. Nikamwita Leokadia, mkono umefungwa bendeji. Alinitazama kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, akapanda. Akafumba macho. Akaja kinyumenyume mikononi mwangu bila kupigana hata kidogo.

"Umemvuta," Ma Paskazia alisema.

"Basi kaa wewe nyuma yake."

Alimkabidhi mtoto kwa jirani, akaja kwa hasira, akapanua mikono. Leokadia akafumba macho mara ya pili. Mwili wake wote ukamwangukia mama mkwe kifuani, mzima-mzima, na nilimwona yule mama alivyoshtuka. Mtu anayejifanya huwa anajizuia kidogo, na mtu aliyeshikwa na kitu hupigana. Huyu hakufanya lolote. Ma Paskazia alibaki amemkumbatia, ameegemeza kidevu kwenye bega la mkwewe, na hakumwachia.

"Kumbe hajui," alisema polepole. "Hajui kwamba anaanguka."

"Hajui, ma. Kuna kitu sikioni kinachotuambia. Chake kimekufa, dawa ilikiua wakati ikimponya kifua. Akiwa kwenye mwanga na udongo mgumu, anatembea. Kwenye giza na nyasi, hapana."

Leokadia akasema, bila kugeuka, "Na nikitembea, mama, sura ya Asimwe inarukaruka. Siioni mpaka nisimame."

Ma Paskazia hakuniuliza swali jingine. Aliingia nyumbani kwake akapiga magoti, na mwanamke yule aliyekata nyasi tangu alfajiri akaanza kuzitoa kwa mikono. Jirani mmoja alimwuliza kama anamfukuza mgeni. "Huyu si mgeni," alijibu, akaendelea. Alitoa kutoka mlangoni hadi kitandani, akapita mbali na mafiga, njia moja ya upana wa mtu, mpaka udongo uliopigwa ukaonekana. Pembeni aliziacha, kwa sababu heshima ni heshima. Kisha akamfunga Asimwe kwenye mgongo wa mama yake, palepale uwanjani kwenye jua, na kila Leokadia alipokwenda kisimani siku zilizofuata, yeye alifuata nyuma, kiganja kimekaa chini ya makalio ya mtoto. Niliwakuta hivyo kila nilipotembelea. Kijiji kiliwacheka. Ma Paskazia alitukana kijiji.

Ile njia haikufunikwa tena. Krismasi, ubatizo, kipaimara cha watoto wa jirani, nyasi zilitandikwa huku na huku na katikati pakabaki udongo. Mimi nilirudi wodini na swali jipya, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wangu aliyeruhusiwa kabla sijajua sakafu ya kwao, mwanga wa kwao, choo chao kiko mbali kiasi gani na kama kuna mto wa kuvuka. Hilo la mto lishikeni sana. Mtu asiye na kitu kile sikioni akizama kwenye maji machafu, anaweza kuogelea kwa nguvu zake zote kuelekea chini.

Ma Paskazia alifariki Asimwe akiwa darasa la sita, mimi nikiwa karibu kustaafu. Nilipofika Kiruruma, uwanja ulikuwa umejaa, na nyumba ni ileile, kwa kuwa bibi yule alikataa bati mpaka mwisho. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni. Watu walimpita kuingia na kutoka, yeye amesimama. Nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Anakataa kumuaga mama mkwe wake. Kumbe waligombana."

Nikachungulia ndani. Wanawake wa ukoo walikuwa wametandika nyasi za msiba tangu asubuhi, kwa upendo, nene, ukuta hadi ukuta. Njia haikuwepo. Giza ni lilelile, na harufu ya nyasi mbichi ni ileile. Nilimshika Leokadia mkono wenye kovu.

"Njoo, nitakushika. Twende pamoja."

Alitikisa kichwa, polepole, kama tulivyomfundisha. "Yeye alinipa njia yangu, nesi. Nataka kwenda kwa miguu yangu."

Hakuwa akilia. Nilimwogopea kuliko kama angelia. Na hapo Asimwe akatokea kati ya watu, msichana mrefu kama mama yake, gauni la shule, akatutazama sote wawili, akatazama ndani. Hakuna aliyemwambia kitu. Akapiga magoti mlangoni akaanza kutoa nyasi kwa mikono, akizisukuma kushoto na kulia.

"Wewe mtoto!" shangazi mmoja alipiga kelele. "Unatoa nyasi za msiba?"

"Ni bibi," Asimwe alisema, bila kuinua kichwa. "Bibi ndivyo alivyotoa."

Aliendelea kwa magoti, akapita mbali na mafiga, mpaka kwenye kitanda alipolazwa yule mama mkubwa. Nyuma yake udongo ulionekana, mweusi, mgumu, umeng'aa kwa miaka ya kukanyagwa. Leokadia akainama, akaingia, akangoja macho yazoee giza, kisha akatembea juu ya njia yake, mkono haugusi kitu.

Alipofika kitandani hakupiga magoti mara moja kama wengine walivyofanya. Alisimama wima, kimya, muda mrefu, hata watu wakaanza kunong'ona tena. Mimi nilijua anangoja nini, na Asimwe alijua. Alisimama mpaka uso wa Ma Paskazia ukatulia, akauona.